Kioo Kilisema Tuko Sawa

Siku yangu ya kwanza kwenye boti ya starehe kule Kisumu, Nahodha Mkuu hakunionyesha usukani. Alinionyesha kitufe. "Hiki ni stendibai. Ukikibonyeza, otopailoti, hii mashine inayoendesha boti yenyewe, inaachia usukani, unashika wewe. Kidole chako kisikae mbali nacho. Hii mashine ina nguvu lakini haina macho. Haioni mtumbwi, wavu wala jiwe. Umesikia?"

"Ndiyo, mkubwa."

"Haya, rudia!"

Alinifanya nirudie mpaka nikamchukia. Wacha niseme ukweli, yule mzee alikuwa mkali, lakini kazi aliijua.

Baadaye nikawa nahodha, chini ya meneja mpole aliyependa wageni wacheke. Mke wangu Rosa akaja na akina mama wa chama chao kutoka huku mtaani Umoja, kutembea ziwani. Raha iliyoje! Wakati wa kurudi Rosa alikaa omo, pale mbele kabisa, miguu ikining'inia juu ya maji. Nilimwambia arudi ndani, akanicheka.

Nilikuwa nimeiwekea otopailoti mwelekeo wa mashariki, moja kwa moja hadi gatini. Mama mmoja alikuwa amelegeza jaketi lake la kuokolea, nikageuka kumfungia. Nilipoinua kichwa, jua la alasiri lililokuwa likinichoma kisogo lilikuwa linanichoma sikio la kushoto. Moyo ukanilipuka. Nikatazama kioo cha mashine: mashariki, vilevile.

"Kapteni, mbona umeshtuka?" akauliza mwenyekiti wa chama. "Si kioo kinasema tuko sawa?"

Jamani! Kando yake, juu ya kabati lenye dira ya mashine, nilipokuwa nimegeuka, alikuwa ameweka spika yake kubwa, ile ya harusi na matanga. Spika ina sumaku, na sumaku huvuta dira. Mashine ilikuwa inafuata uongo kwa uaminifu wote, ikitupeleka kwenye miamba ya kaskazini.

"Toa hiyo spika! Rosa, ingia ndani! Ingia!"

Nikabonyeza stendibai, nikapunguza mwendo, nikakata usukani kulia kwa nguvu zote. Akina mama wakaangukiana wakiita Yesu. Jiwe likapita kushoto kwetu, jeusi, limelowa, karibu hata ningeligusa. Rosa alikuwa amelala kifudifudi, amekumbatia reli, hawezi hata kulia. Niliogopa, wanangu. Sijawahi kuogopa vile tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wa hapa mtaani wanaotafuta kazi za boti huja kuniuliza. Nawaambia: dira iwe mbali na spika, simu na vyuma, na macho yakae nje. Wananitania, "Niaje, Mzee wa Boti! Siku hizi mashine zimeerevuka, bana."

Sibishani nao. Nawaambia tu, huyo mama mnayemsikia jikoni akisukuma chapati yuko hai kwa sababu niliamini jua, sikuamini kioo.