Mtani Kwenye Handaki

Mwalimu wetu mkuu, Mwingereza ambaye vita vikuu vya kwanza vilimkuta akiwa mtoto, aliamini kwamba watu wa Lindi hawakujua vita ni nini. Kwa hiyo, nilipokuwa darasa la nane, alitunga mchezo wa kuigiza kuhusu mahandaki ya Ufaransa, ili wazazi wetu wapate kutishika kwa utaratibu.

Tulijenga handaki kwa magunia ya mkonge yaliyojazwa mchanga. Theluji ilikuwa sufi. Tulivaa makoti mazito ya kuazima, tukafundishwa kutetemeka kwa baridi mbele ya watu waliokuwa wakijipepea. Mimi nilipewa kazi ya kufa. Nilitakiwa kupigwa risasi mapema, kisha nilale ukingoni mwa handaki hadi mwisho, wenzangu wakila biskuti juu ya mgongo wangu. Hilo, alisema mwalimu, lingeeleza ukatili wa vita vizuri kuliko hotuba yoyote. Akaongeza jambo lililonihusu zaidi: maiti akitikisika, barua ya kumpendekeza kwenda sekondari haitaandikwa. Mtoto wa mkulima wa Kilangala hakuwa na njia nyingine ya kufika huko.

Mchezo ulianza alasiri, uwanjani mwa shule, mkuu wa wilaya akiwa kiti cha mbele. Kitisho kilikataa kufika. Panya wa matambara walipovutwa kwa uzi, mwanamke mmoja akapaza sauti: "Jamani, kitoweo kinapita, nanyi mnalia njaa!" Askari mmoja akalalamika kwamba hajaoga siku tatu. Watu waliozoea kuchota maji mbali walimtazama kwa mshangao, wakingoja aseme tatizo lake.

Kisha nikafa. Mama yangu, niliyemweleza mara tatu kwamba ni mchezo tu, akapiga yowe la msiba. Hapo kosa likawa letu, si la mwalimu, kwa maana kwetu yowe hilo likisikika mtani hana ruhusa ya kubaki kitini. Kazi yake ni kumdhihaki marehemu na kuwachekesha wafiwa mpaka wapate nguvu ya kuzika. Mtani wa ukoo wetu, mzee wa Kingindo aliyekuwa mpagazi wa jeshi katika vita vilevile, akainuka, akapanda jukwaani, akajilaza ubavuni mwangu.

"Ondokeni, shimo langu hili! Huyu mlafi atalijaza peke yake. Tazameni, kafa na viatu vya watu!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko, mkuu wa wilaya naye akiwamo. Nyuma ya pazia nikamsikia mwalimu akinong'ona kwa ukali, "Usitikisike!"

Mzee akanichoma kidole mbavuni. "Hata shikamoo hunipi? Kufa ndiyo kukosa adabu?"

Nilivumilia. Ndipo akapunguza sauti, ingawa waliokaa mbele walimsikia.

"Kule njia ya Rondo tuliwaacha wenzetu kwenye mashimo kama haya. Mtu anaanguka na mzigo wake. Mzigo unaokotwa, yeye anaachwa. Hakuna aliyewalilia. Hakuna mtani aliyewacheka. Tuliambiwa, tembeeni." Akaanza kuniondolea sufi usoni, taratibu, kama anayeosha maiti.

Sijui hata leo nilikusudia nini.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba." Akaniondolea sufi ya mwisho. "Wale niliwaita, hawakuitika."

Hakuna aliyecheka. Wazee watatu au wanne, waliokuja kwa ajili ya chai ya bure, waliinua viganja kuomba dua. Hicho ndicho kitisho ambacho mwalimu alikitafuta kwa wiki sita, na kilipomfikia, akapuliza filimbi na kuamuru pazia lifungwe.

Kesho yake aliniita ofisini. Barua ilikuwa mezani, haijatiwa saini. Akaniuliza yule aliyeharibu mchezo ni nani, na kwa nini maiti alimjibu. Ningeweza kumweleza utani ni nini. Kiingereza changu kilitosha. Ningeweza kumweleza habari za wapagazi, ambazo hazikuwamo katika vitabu vyake. Niliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Ni mzee wa kijijini tu, bwana," nikasema. "Hana akili timamu. Alinitisha."

Uso wake ukalainika. Aliongeza mstari mmoja, kwamba mwanafunzi huyu ni mkweli, kisha akatia saini.