Shavu la Mtunza Taa

Mtunza taa wa Bagamoyo hakuviamini tena viganja vyake. Kuvuta kamba miaka mingi kulikuwa kumevifanya vigumu kama kwato, kwa hiyo kila alasiri, kabla ya kupandisha taa mlingotini, aliipitisha kamba shavuni pima kwa pima, macho kayafumba, akitafuta uzi uliokatika. Majirani walimwita bwana harusi wa kamba. Siku hiyo mvua ilikuwa imeuficha mwamba wa baharini, na mume wa mpwa wake Sada alikuwa njiani kwa chombo kutoka Sadani.

“Mjomba, pandisha taa, kamba utaibusu kesho,” Sada alimwambia.

“Subiri, mwanangu. Hapa pamenikwaruza.”

Akakata kipande kibovu, akaunga, akapaka mafuta ya papa, akapitisha tena shavuni. Sada alitafuna pindo la kanga. Hatimaye taa ikapanda, upepo ukautikisa mlingoti mzima, na kamba ikashika. Baada ya kitambo baragumu la chombo cha mumewe likalia ndani ya mvua, upande wa kusini, mbali na mwamba. Sada akapangusa uso.

“Kesho niachie mimi, mjomba,” alisema. “Shavu langu bado laini.”