Karoti Kabla ya Amina

Watu wa kanisani kwetu Columbus, hapa Amerika, waliniita Sungura, na niliwaachia. Kwenye harusi, wenzangu wakipitishiana karanga za chumvi na vile viazi vikavu vya pakiti ambavyo huku vinaitwa chipsi, mimi nilifungua mkoba na kutoa kikopo changu cha plastiki. Ndani mlikuwa na vijiti vya karoti, vipande vya tango na figili nyekundu zilizokatwa nyembamba. Mama mmoja aliniuliza mbele ya meza nzima kama nyumbani nalala kitandani au kwenye nyasi. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa mama yangu mzazi, aliyekuwa Buffalo na presha iliyokataa kushuka.

Mama anaishi na mdogo wangu wa kike katika nyumba ndogo ya mbao kule Riverside, karibu na mto. Yaya, dada yetu mkubwa, yuko Louisville, anafanya kazi kwenye bohari. Mimi niko Columbus, upande wa Northland, na asubuhi naenda Westerville kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha wasioweza kujilisha. Tumetawanyika hivyo kwa sababu kazi ilitutawanya, lakini jambo la mama likitokea tunakuwa nyumba moja.

Na jambo lilitokea. Mama alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda, kisha ukarudi mahali pake. Daktari alisema kingine kinaweza kuja na kisirudishe kitu. Chumvi iishe, alisema, na cha kwanza kuisha kiwe zile pakiti.

Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa alikuwa anaombwa nini. Kwetu kule milimani Kivu alikulia maziwa na mahindi, na jioni za baridi mama yake alikuwa anakaanga punje kavu za mahindi chunguni, watoto wakizunguka moto na kuzitafuna hadi taya ziume. Alipofika Amerika akakuta chakula kilichomkumbusha sauti ile. Anakaa na pakiti mapajani, anasikiliza mahubiri, anatafuna. Nilimuuliza siku moja anapenda nini kwenye vile viazi vya pakiti. Akaniambia, "Minapenda vile inalia mu kinywa."

Neno hilo ndilo nililolishika. Kama ni kulia tu, nikasema, nitamtafutia vitu vinavyolia.

Jibu nililipata kazini. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia ambaye kila mchana huletewa sahani ya mboga mbichi, na kwa meno yake yaliyobaki huzitafuna hadi jikoni wanasikia. Zamani nilikuwa nacheka moyoni. Kwetu mboga mbichi ni ya mbuzi. Hata ng'ombe ukimpa kabichi anakutazama mara mbili. Sasa nikaanza kumwangalia bibi yule kama mwanafunzi.

Nikajifunza. Karoti ukiikata nyembamba kama kucha na kuilaza kwenye maji ya barafu, inakakamaa na kulia kuliko chipsi yoyote. Figili hivyo hivyo, na ina ukali wake, haihitaji msaada. Kwenye duka la Wameksiko nilikuta kiazi kinachoitwa hikama, nje kibaya kama jiwe, ndani cheupe na kitamu, na kinaliwa kibichi. Embe bichi nikalikata vijiti, nikalipaka pilipili ya unga. Na ndimu! Ukiikamulia ndimu mboga mbichi, ulimi unadanganyika, unadhani chumvi imepita hapo. Njegere changa unazitafuna na maganda yake. Mbegu za maboga, ambazo sisi tulikuwa tunazikaanga kwa chumvi, nilizila hivi hivi zikiwa mbichi nikashangaa kwamba zina utamu wake. Nilikuwa nafurahi jikoni peke yangu kama mtu aliyegundua dhahabu, nampigia simu mdogo wangu, namwelekeza unene wa kukata.

Lakini kumpa mgonjwa chakula chake peke yake ni kumtenga. Babu alipokatazwa chumvi na mganga wa zahanati kule milimani, bibi hakumpikia chungu chake. Alipika chungu kimoja kisicho na chumvi, akatulisha wote, wageni pia, na aliyekunja uso alipigwa kijiko. Mgonjwa hali peke yake, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nikatoa wazo kwenye simu ya familia: sote tuache vitu vya chumvi pamoja na mama. Kila jioni tupigiane, kila mmoja na bakuli lake la mboga mbichi, tutafune pamoja, tuombe, tulale.

Yaya alikubali. Mdogo wangu alikubali. Mama ndiye aliyeomba. "Bwana, leo tunafunga hii vitu ya chumvi mbele yako, weye utusaidie," na sote tukasema Amina.

Jioni zile nilizipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho katika nchi hii. Kutoka Louisville Yaya anatafuna, anatusimulia vituko vya msimamizi wake. Kutoka Buffalo mama anatafuna polepole, kra, kra, analalamika kwamba karoti za Amerika hazina adabu. Mimi kwenye meza yangu natafuna na kuwasikiliza. Nilikuwa nasema moyoni, tumekaa kwenye chungu cha bibi. Kisha mama anaomba, tunasema Amina, na hapo hapo simu ya mama inakatika, na ya Yaya inafuata. Niliwaza kwamba mama amechoka na Yaya anawahi zamu.

Presha haikushuka. Mdogo wangu alimpeleka mama kwa daktari, na mimi wakaniweka kwenye spika niko Columbus, kwa sababu Kiingereza cha mdogo wangu bado kidogo, na mama hamtaki mkalimani wa hospitali; anasema Kiswahili chake ni cha kitabu, nusu kinampita. Daktari akauliza kama bado anakula chumvi. Nikatafsiri. Mama akajibu, "Hapana, tulifunga." Nikampelekea daktari jibu hilo, na kwa kinywa changu nikaongeza kwamba mimi ni shahidi, kila jioni namsikia kwa masikio yangu akila karoti. Daktari akasema, kama ni hivyo, basi dawa haitoshi. Akaongeza dawa.

Haukupita muda mama akapata kizunguzungu bafuni, akaanguka, paji la uso likagonga sinki.

Nikaomba ruhusa kazini, nikajaza kasha la barafu mboga zangu, nikaendesha gari hadi Buffalo. Njia nzima nilikuwa naugombeza mwili wa mama. Kwa nini unakataa? Tumeacha yote, tumetii yote, unataka nini tena? Pembeni yangu kasha lilikuwa linacheza kila nilipofunga breki.

Nilimkuta mama kwenye kochi, plasta kwenye paji, uso umekuwa mdogo. Alinishika mikono akaomba kwanza, kama kawaida yetu, ndipo tukasalimiana. Miadi ya daktari ilikuwa kesho yake. Nikaingia jikoni na mdogo wangu kuandaa bakuli la jioni. Nilihitaji sufuria pana ya kulazia karoti kwenye barafu. Kwetu oveni haioki kitu. Ndiyo kabati la masufuria, nyumba zote za watu wetu ni hivyo. Nikavuta mlango wa oveni.

Pakiti zilianguka miguuni mwangu. Nyingine zilikuwa zimekunjwa vizuri mdomo na kubanwa na kibanio cha nguo, jinsi mama anavyobana kila kitu.

Nilimtazama mdogo wangu. Hakushtuka. Nataka niseme wazi kwamba kutoshtuka kwake ndiko kulikonichoma. Aliinama, akaanza kuziokota, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni za mama za kufungulia."

"Za kufungulia nini?"

"Bon, mfungo. Anafunga mchana yote, anakula zile mboga zako, bya kweli, haibi hata moja. Kisha Amina, anafungua."

Sikuelewa haraka. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja, hadi nikaketi sakafuni. Kanisani kwetu mfungo una saa zake. Unafunga asubuhi, unaomba jioni, unafungua. Hakuna anayefunga bila kufungua, huyo anajiua. Mama aliomba mbele yetu sote, alisema tunafunga, na kwa mama kilichofungwa kwa maombi hufunguliwa kwa maombi. Simu iliyokuwa inakatika baada ya Amina ilikuwa inakatika ili mkono uende kwenye pakiti. Mimi ndiye peke yangu niliyechukua mfungo wa daktari, ambao hauna jioni.

"Na Yaya?" nikauliza.

Aliendelea kuokota pakiti. Nikampigia Yaya palepale. Kwanza alicheka, nafikiri kwa aibu.

"Donc weye haukufungua hata siku moja?" akaniuliza. "Hata siku moja, kweli?"

"Mlijua wote. Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana na ile makaroti yako," Yaya akasema. "Hatukutaka kukuvunja roho."

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo nilikuwa nausikia tangu utotoni, nikidhani ni wa wafalme na mawaziri wao. Kumbe hata jikoni Riverside unaishi. Niliumia. Niliitwa sungura mbele za watu, nikabeba kikopo changu kila nilikokwenda kama mtu aliyebeba msalaba, nikijua kuna watatu wanaobeba na mimi. Nilikuwa nabeba peke yangu. Na hilo ningelimeza. Lakini nilimwapia daktari, na kwa kiapo changu dawa iliongezwa, na mama akaanguka. Dawa ya mtu mwenye chumvi nyingi alikuwa anainywa asubuhi tumbo likiwa na karoti tu.

Nilimwendea mama kwenye kochi, pakiti mkononi. Hakuinamisha macho.

"Miye sikuseme uongo," akasema. "Nilifunga. Na nilifungua. Weye ulisha ona wapi mutu anafunga bila kufungua? Nani alikufundisha?"

Nikamwambia kwamba kiharusi hakijui Amina. Akasema Mungu anajua. Nikalia. Aliniacha nilie, kisha akanikumbusha kwamba saa ya kupiga simu imefika. Jioni ile sikutafuna kitu.

Kesho yake tuliketi kwa daktari, mama kushoto kwangu, mkono wake juu ya goti langu. Daktari alitazama vipimo, akatazama plasta, akauliza lile swali. Je, mama anakula vitu vya chumvi?

Nikatafsiri neno kwa neno. Mama akanitazama machoni. Kwenye macho yale kulikuwa na ombi, na amri pia, kwa kuwa yeye ni mama na mimi ni mtoto.

"Hapana," akasema. "Nilifunga."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia ndiyo. Kila jioni, nikasema, na wote nyumbani walijua isipokuwa mimi.

Mama hajui Kiingereza, ila maneno mawili anayajua tangu kambi ya wakimbizi: ndiyo na hapana. Aliondoa mkono wake kwenye goti langu. Daktari akapunguza dawa, akasema sasa tunaanza upya, akanishukuru. Sikujisikia mtu wa kushukuriwa.

Ndani ya gari mama alitazama mbele hadi tulipoanza kuuona mto. Ndipo akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika, "Umeniuza kwa muzungu."

"Nyinyi mliniuza kwanza, mama."

"Miye nilikuzaa," akasema, akageukia dirisha.

Nilimwachia kasha zima la mboga, nikarudi Columbus. Yaya alinitumia ujumbe wa sauti wa kuomba msamaha. Niliusikiliza hadi katikati. Mdogo wangu alinihakikishia kwamba oveni sasa ina masufuria tu. Sikumwamini, maana vyungu na makabati ya kufichia ni mengi ndani ya nyumba.

Siku kadhaa hakuna aliyepiga simu ya jioni. Kisha ikalia, mama ndiye aliyepiga. Yaya akaingia kutoka Louisville. Nilileta bakuli langu mezani kwa mazoea, hikama na ndimu, sikuligusa. Mama aliomba maombi mafupi, hakutaja mfungo, hakunitaja mimi. Tukasema Amina. Simu ya Yaya ikakatika.

Ya mama haikukatika. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilisikia kochi likilia anapokaa sawa, nikasikia pumzi yake. Nikangoja aseme neno. Kisha nikasikia anatafuna, polepole, karibu kabisa na simu, kama mtu anayetaka asikiwe.

Kra. Kra.

Zamani ningejua bila kuuliza ni karoti. Nilibana simu sikioni, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, na sikuweza kujua.