Mkeka wa Uwanjani

Kila nikinunua mkeka mpya, nauanika nje siku tatu. Siitaki ile harufu ya ukindu nyumbani mwangu.

Enzi za Mwingereza, kijijini kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, tulikuwa na uwanja wa maigizo: watazamaji tulikaa kwenye mteremko wa nyasi, wakubwa wakacheza chini mchangani. Jumapili moja mchana baba aliigiza maiti. Walimviringisha kwenye mkeka mpya, na bibi, mama yake mzazi, akaingia kuomboleza. Alitakiwa kuita jina la kwenye mchezo. Lakini kwetu maiti huliliwa kwa jina lake, na bibi, kwa mazoea ya misiba, akaita jina la baba.

Mteremko mzima watu wakashika vichwa: kumlilia aliye hai ni kumwitia kifo. Mimi peke yangu nilipiga makofi.

"Mama, mbona mimi mzima!" baba alisema, akajitoa mkekani akicheka.

Mwezi uliofuata alikwenda kuchimba dhahabu Makongolosi. Kifusi kikamfunika, hata mwili hatukuletewa.

Wanawake walipofika kulia, bibi aliwatandikia mkeka uleule. Yeye hakulia.

"Huyu nilishamlilia," alisema.

Kisha akavishika viganja vyangu, akavibana pamoja mpaka jua likazama.