Mtamba Aliyelala Ganako

Antonia alizaliwa Ganako, kwenye mashamba chini ya Ngorongoro, ambako mahindi si kitu cha kukukosesha usingizi. Mwaka 1978, mwanawe Inosenti akiwa mgongoni, alimfuata mumewe Josephati kule Endulen, Ngorongoro, alikokuwa akibeba mizigo ya watu kwa Landrova yake kuukuu. Alipotajiwa bei ya unga dukani alidhani anataniwa. Kilimo kilikuwa kimepigwa marufuku huko, kila debe lilipandishwa kwa gari. Sabuni ndiyo usiseme. Lakini maziwa yalikuwa tele: jirani yake wa Kimaasai, Nanyori, alimletea kibuyu kizima siku hiyohiyo, akakataa malipo.

Haikupita muda, Landrova ikawa inashuka na samli ya Nanyori na kupanda na mahindi ya Marsela, dada yake Antonia aliyebaki Ganako. Watoto wa maboma yote mawili wakanawiri.

Kilichomnyima raha Josephati ni bima. Siku moja alirudi kutoka Arusha amenuna. Karani alimuuliza gari linalala wapi, na aliposema Ngorongoro bei ikaruka, kwa sababu ya ukungu, makorongo na nyati. Lingelala Arusha, lingelipiwa kidogo.

Antonia alipomsimulia, Nanyori alicheka mpaka shuka likamteleza begani.

“Mama Inosenti, bima yetu sisi ni kutolaza ng'ombe wote mahali pamoja,” alisema. “Nipe mtamba wako nimchunge. Wangu ashuke kwa dada yako.”

Antonia alisita, maana mtamba wake, aliyekuwa Ganako, alikuwa zawadi ya baba yake. Hata hivyo alikubali, Senteu, mume wa Nanyori, naye akaridhia, na mitamba wakaswagwa, wa Antonia juu Endulen, wa Nanyori chini Ganako.

Ukaja ukame wa 1984. Zizi la Senteu likabaki tupu. Nanyori alikuja mwenyewe kusema kwamba mtamba wa Antonia naye amekufa, macho yake yakiwa chini. Antonia alimwekea chai, kisha akamwambia wapande gari.

Ganako, yule mtamba wa Nanyori alikuwa ameshakuwa ng'ombe mkubwa, amenenepa kwa mabua ya mahindi, ndama jike ubavuni.

“Wachukue wote wawili,” Antonia alisema.

Nanyori akakataa katakata. Walibishana juu ya yule ndama hadi Marsela akawaletea uji, na wakaendelea kubishana wakinywa. Mwisho ng'ombe alirudi Endulen na ndama akabaki kwa Antonia. Tangu hapo waliacha kuitana majina. Waliitana Paashe, kama Wamaasai waitanavyo waliopeana ndama, na Josephati alilizoea hata akawa anawasalimia hivyo wote wawili.