Mbao Tulizoziosha Keshero

Kwetu Butembo tofali ni tofali. Nimezaliwa kwa wachoma matofali, na kabla sijajua kusoma nilijua kupanga. Ukishika tofali lolote katika rundo, utapata pa kuliweka. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililonifanya niharibu kazi ya watu siku ile Goma, na sitaki kumsingizia mwingine.

Tulikuwa watu kumi na wawili wa kikundi cha walei cha parokia yetu, tumekwenda Goma kwa misioni ya wiki moja, njia ilipokuwa ingali inapitika. Asubuhi tulisali na familia za mitaani, mchana tulifanya kazi ya mikono. Jumamosi tulipewa kazi moja tu: kuhamisha nyumba ya mjane mmoja kutoka Majengo hadi Keshero.

Mgeni atashangaa kusikia nyumba inahamishwa. Goma nyumba nyingi ni za mbao, na chini ni mwamba wa volkano ambao jembe haliingii. Mtu anayekaa kwenye kiwanja cha wenyewe akiambiwa atoke, anang'oa misumari, anafungua kuta, anabeba nyumba yake. Mwenye kiwanja cha Majengo alikuwa amempa mama huyu hadi siku hiyo. Parokia ilimpatia kipande Keshero, karibu na ziwa. Tulikuwa katika majira ya mvua, na mvua ya Goma wakati huo ilikuwa ikishuka kila jioni bila kukosa. Kabla haijashuka, mama na wajukuu wake watatu walitakiwa wawe chini ya mabati yao. Hawakuwa na pengine.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi. Hakuna aliyenichagua, ila nina sauti. Niliwagawa watu haraka: wanaume sita wabaki Majengo na mama kubomoa, sisi wengine tutangulie Keshero na fundi wa parokia, mzee mmoja mwembamba asiyesema sana tuliyemwita papa, tupange mawe ya msingi. Nilikuja na majembe matano kutoka Butembo. Papa fundi aliyatazama, akanitazama mimi.

"Mama, hapa hatuchimbake," akasema. "Hapa tunapandisha."

Basi tukapandisha. Tulikusanya mawe meusi yanayokwaruza kama mgongo wa mamba, tukayapanga kwa mstari, tukajaza vipande vidogo katikati. Saa nne chukudu ya kwanza, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ikafika, wasukumaji wawili wakiizuia kwa miguu kwenye mteremko, na mbao juu yake zimefungwa kwa kamba ya mpira. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Tukazishusha na kuziegemeza kwenye ua.

Zilikuwa chafu mno. Moshi wa makaa wa miaka mingi, vumbi la barabara, utando wa buibui, na juu ya kila ubao michoro ya makaa ambayo nusu yake ilikuwa imefifia. Papa fundi alikuwa amekwenda kutafuta misumari ya ziada. Nilisimama mbele ya mbao zile, mikono kiunoni, nikapata wazo ambalo nililiona zuri kuliko yote ya wiki ile. Nikawaambia wenzangu, "Huyu mama hawezi kuingia nyumba mpya na uchafu wa ile ya zamani. Tuzioshe. Tumshangaze."

Tuliteka maji ziwani kwa bidoni za manjano, tukaweka sabuni ya unga, tukasugua kwa majani makavu na viatu vya zamani. Tuliimba. Nakumbuka nilikuta neno limeandikwa, kitu kama "Kibumba", nikadhani ni mtoto alikuwa akijifunza kuandika, nikasugua kwa nguvu zaidi. Ilipofika saa sita mbao zote zilikuwa zimeegemea ua, zinang'aa. Nilijisifu moyoni. Hata kwa mdomo nilijisifu.

Papa fundi ndiye aliyerudi kwanza. Akaweka pakiti ya misumari chini polepole.

"Nani amefuta?"

"Ni sisi wote," nikasema. "Mimi njo niliwaambia."

"Na sasa nitajua namna gani ubao gani unafuata ubao gani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwangu kote kwamba mbao ni mbao, apange tu. Alichukua mbili, akazisimamisha ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa fupi kwa vidole vinne. Akachukua nyingine: tundu la msumari lilikuwa juu, la jirani yake chini. Nyingine imepinda tumbo, inataka mwenzake aliyepinda vilevile. Zilikuwa hamsini na kitu. Kila moja ilikuwa imekatwa kwa mahali pake, na mahali penyewe palikuwa pameandikwa. Juu ya volkano ya Nyiragongo wingu lilikuwa limeanza kuwa zito.

Mama akafika na wale wanaume sita na mzigo wa mwisho, mabati na sufuria, wajukuu nyuma yake. Alikuwa mama wa Rutshuru, mrefu, kitenge kimefungwa imara. Alipita mbele ya mbao zote, moja moja, akigusa. Nilimfuata. Nikamwambia kabla hajauliza.

"Mama, ni mimi. Niliwaza ni buchafu. Unisamehe."

"Ile ilikuwa mukono ya bwana yangu," akasema.

Ndipo akatueleza. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga nyumba ile walipofika Goma kwa mara ya kwanza, wamekimbia kwao. Namba alizichukia, alisema mtu mwenye haraka anazichanganya. Lakini njia ya kutoka Rutshuru hadi Goma walikuwa wameifanyia biashara ya maharage miaka mingi, na hakuna wa nyumba yao ambaye angeweza kuikosea. Kwa hiyo aliandika njia. Ubao wa kona ulikuwa Rutshuru, unaofuata daraja, unaofuata kwa shangazi, na hivyo hivyo kuzunguka kuta zote nne, Rubare, Rumangabo, Rugari, Kibumba, na katikati yake kila kioski na kila mti waliowahi kupumzikia, hadi ubao wa mwisho karibu na mlango, Goma. Walikuwa wamehamisha nyumba mara tatu kwa kufuata maandishi yale, mbili akiwa hai.

Nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimepita njia hiyo hiyo siku chache kabla, nyuma ya lori, nimelala.

Mama hakulia. Alitazama wingu, akachukua kipande cha kaa kutoka kwenye jiko lake, akanitia mkononi.

"Kulia utalia kesho. Mimi nitatembea, wewe utaandika."

Akaanza kutembea. Alisimama mahali pa kona akasema Rutshuru, na macho yake yakatafuta kwenye ua. "Ule wenye jicho kubwa la mti huko chini." Papa fundi akauleta, nikaandika. "Daraja iko na alama ya panga, alikataka nyama juu yake." Nikaandika. Kwa shangazi kulikuwa na tundu ambalo mtoto wao alilitoboa ili achungulie mvua. Rumangabo ilikuwa imeungua kidogo kwa sababu jiko lilikuwa upande ule. Alipokosea alirudi nyuma vituo viwili, akatembea tena kwa sauti, akaupata. Wanaume wakapiga misumari nyuma yetu, hata ile ya zamani tuliyoinyoosha juu ya jiwe. Mimi nilikuwa naandika haraka, kwa masikio yangu ya Kinande, lugha ya kwetu, na papa fundi akasoma ubao mmoja, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, umeandika Lugari. Ni Rugari."

"Acha," mama mwenye nyumba akamwambia. "Tunafika."

Tulifika Goma mabati yakiwa bado upande mmoja tu. Lakini pale kona, kabla ya Rutshuru, palibaki pengo la shibiri moja, kwa sababu ubao mdogo wa kuziba kona, usio na jina, ulikuwa umepasuka kwenye chukudu. Hapakuwa na mwingine. Nikaenda kwenye sanduku letu la vyombo tulilokuja nalo, nikang'oa mfuniko. Papa fundi akaupunguza kwa msumeno, ukaingia.

Nikamuuliza mama niandike nini. Rutshuru ilikuwa ndiyo mwanzo, na kabla ya hapo mumewe hakuandika kitu.

"Munatoka wapi, ninyi?"

"Butembo."

"Si njia ni ile ile? Andika Butembo."

Nikaandika, kwa herufi kubwa. Bati la mwisho lilipigiliwa matone ya kwanza yakianguka, na wajukuu walikuwa wameshaingia.

Mama yule bado tunasalimiana kwa simu. Mwaka huu alinitumia sauti kwamba amehama tena, amesogea mitaa miwili, na nyumba imesimama kwa nusu siku. Fundi mpya alitaka kusahihisha Lugari akamkataza. Vijana wa kanisa walikuja kusaidia pia, akasema, vijana wazuri, wameleta na sabuni.

"Nikawaambia wasiguse," akasema. "Nikawaambia ile ni mukono ya mutu wangu wa Butembo."