Meli ya Angani Kwenye Shuka la Harusi

Banda la video lililokuwa jirani na soko la Kashaulili halikuwa na mapazia, na jua la Mpanda likishapanda, picha kwenye televisheni inageuka kivuli tu. Mwenye banda akaniita nimshonee mapazia meusi. Nilipomaliza kuyatundika akawasha jenereta, akachomeka kanda kwenye deki ili tuone kama giza limetosha. Hapo ndipo nilipoiona meli ile kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa inapita polepole mbele ya nyota, haina haraka yoyote. Mbele ilikuwa pana na ya mviringo kama jembe jipya. Kiuno chembamba kama cha nyigu. Nyuma, chini ya tumbo, zilining'inia injini mbili ndefu, na kwa macho yangu ya Mpanda zilifanana kabisa na mizinga ya nyuki, ile ya magogo inayotundikwa porini kule njia ya Inyonga.

"Giza limetosha?" mwenye banda akaniuliza.

"Bado sijajua," nikamwambia. "Ngoja kidogo." Nikakaa mpaka kanda ikaisha.

Kazi yangu ilikuwa kudarizi. Mimi na rafiki yangu tulijifunza kwa masista, kisha tukapanga chumba kimoja nyuma ya soko, tukawa tunadarizi mashuka, foronya na vitambaa vya kochi. Miaka ile ya tisini hakuna nyumba iliyojiheshimu Mpanda ambayo makochi yake yalikaa uchi. Mimi baba yangu aliletwa Mpanda na kazi ya reli. Rafiki yangu alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi, na wazazi wake walikuwa bado wanalima tumbaku na mahindi hukohuko. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu na mdomo mwepesi kuliko mkono wake.

Jioni ile nilimsimulia habari za meli mpaka akaacha sindano. Kesho yake mchana tulikuwa wote bandani, kwenye benchi la nyuma. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kwenda kwenye video, lakini mimi nilikuwa na kisingizio changu: nimekuja kukagua mapazia. Niliyakagua mapazia yale karibu mwaka mzima.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa miaka mingi. Ulianza kabla sisi hatujazaliwa, na waliuendeleza kwa watu wapya na meli mpya, ila jina la meli lilibaki lilelile. Kanda zilikuja na treni kutoka Tabora, zimenakiliwa kutoka kwenye nakala za nakala, hazina mpangilio. Leo unaona nahodha ana mvi, kesho unamwona kijana. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la saba, kwa hiyo mwenye banda alitutafsiria kwa sauti. Nahodha angeongea kwa dakika nzima, amekunja uso, machozi yanamlengalenga, na mwenye banda angesema, "Anasema twende." Mwingine angetamka neno moja tu, na mwenye banda angelieleza mpaka picha tatu zimepita.

Kwa kuwa maneno hatukuyapata vizuri, tulibaki na meli. Tukazijua. Ile ya zamani injini zake zilining'inia chini. Iliyofuata, injini zilipandishwa juu kama masikio ya sungura. Ya karibuni zaidi, injini zililazwa ubavuni, na mbele ikachongwa kama ncha ya mkuki. Maadui wao walikuwa na meli nyeusi mfano wa nge, mkia umekunjwa juu. Tulibishana juu ya meli hizo tukiwa tunadarizi, tukiwa tunapika, tukiwa tunarudi kanisani.

Mimi niliipenda ile ya zamani. Nilimwambia inatulia machoni, na mtu yeyote angeweza kuidarizi bila kuvunja sindano. Yeye aliipenda ile ya masikio ya sungura.

"Yako imesimama," alisema. "Yangu inakwenda. Hata ikiegeshwa unaona kabisa kwamba inakwenda."

"Na hii mpya?"

"Hii mpya inajidai."

Siku moja nikamuuliza kwa nini hasa meli ile imemkaa rohoni hivyo. Akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Angalia watu waliomo," akasema. "Kila mmoja katoka kwake. Mwingine masikio hivi, mwingine ngozi ya bluu. Wanakula meza moja, na hakuna mtu anayemsimamisha mwenzake njiani kumuuliza kibali."

Nikavuta uzi wangu kwa nguvu. Nilijua kwao Katumba mtu akitaka kutoka nje ya makazi lazima awe na karatasi mkononi, na yeye mwenyewe aliwahi kuteremshwa kwenye basi kwa ajili ya karatasi hiyo. Halafu akacheka, akaniambia uzi wangu umefunga fundo. Kweli ulikuwa umefunga.

Akaja kupata mchumba. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku, kijana mrefu mpole wa Mpimbwe, kutoka familia ya wakulima wa mpunga waliokaa bonde lile tangu mababu. Tulimwona mara chache, maana alikuwa safarini Tabora muda mwingi. Posa ilikwenda taratibu. Mama wa kijana hakukataa, lakini hakukubali pia. Alisema tu, "Nyie watoto mnajua wenyewe," na kwa wanaojua mama zetu, hayo si maneno ya furaha. Alitaka mwanawe aoe jirani, mtu ambaye bibi yake anajulikana amezikwa wapi.

Rafiki yangu akaniomba zawadi moja tu: shuka la harusi.

"Maua gani?" nikamuuliza.

"Maua ya nini? Nataka meli."

Nikamwambia mama mkwe atazimia. Akasema atazinduka. Nikanunua bafta nyeupe iliyo bora, nikatafuta uzi wa kijivu, wa bluu na wa njano ya taa. Kilichobaki ni mchoro. Siku hizo picha ya kitu kama hicho ungeipata wapi Mpanda? Nikaenda kwa mwenye banda.

"Ikifika pale inapopita ubavu, simamisha," nikamwambia.

Akasimamisha. Picha ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa, mistari myeupe inapanda na kushuka. Nikachora haraka kwenye karatasi ya khaki, ulimi nje. Nilimaliza mbele na kiuno. Kabla sijafika nyuma akabonyeza kitufe.

"Dada, deki itaungua! Hiki si kitabu, huwezi kukifungua ukakiacha hapo."

Kesho yake nikarudi kumalizia. Kanda ya jana ilikuwa imeshaazimwa, akaweka nyingine. Meli ikapita ubavu, akasimamisha, nikachora injini, nikashukuru, nikaondoka mbio. Msinilaumu. Giza lilikuwa limetosha, mapazia niliyashona mwenyewe.

Nilidarizi shuka lile kwa wiki nyingi. Nililificha kila rafiki yangu alipoingia, naye alikuwa anaingia makusudi. Nilipomaliza, nikalitandaza kitandani nikasimama mlangoni kulitazama, nikajisikia mtu mkubwa.

Harusi ilifungwa asubuhi, na mchana tukakusanyika uani kwa baba mdogo wa bwana harusi, palepale Kashaulili, chini ya turubai la lori. Upande mmoja walikaa watu wa Mpimbwe, upande wa pili watu wa Katumba, na katikati paliachwa nafasi ambayo lori lenyewe lingeweza kupita. Watu walikuwa na adabu kupita kiasi. Kila mtu alimpa mwenzake soda.

Zikaja zawadi. Sufuria, beseni, jembe, kuku mwenye makelele. Mshereheshaji akaita zawadi ya rafiki wa bibi harusi. Wanawake wawili wakalishika shuka pembe na pembe, wakalinyanyua juu ili watu wote waone. Vigelegele vilianza, vikafika nusu, vikakatika.

Mama wa bwana harusi akainuka kwenye kiti. Akalisogelea shuka, akaligusa kwa kidole.

"Kwetu shuka la bibi harusi lina maua," akasema. "Au njiwa wawili. Hiki ni nini?"

Mshereheshaji akatazama karatasi yake, kana kwamba jibu liko pale. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akasimama shangazi wa rafiki yangu, dada wa baba yake, ambaye sote tulimwita Masenge kama wanavyoitana wao kwa Kirundi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na meli hakuwahi kuiona maishani mwake.

"Mwenzangu, huoni?" akasema. "Hili mbele ni jembe. Na hii nyuma ni mizinga miwili ya nyuki. Tumewaletea binti wa kulima na wa kurina asali. Njaa haitaingia humu!"

Watu wa Katumba wakapiga makofi. Hata upande wa Mpimbwe vigelegele viwili vitatu vikaamka. Mama mkwe akaanza kutikisa kichwa kukubali, na mimi nikaanza kupumua.

"Hapana," ikasikika sauti.

Alikuwa bwana harusi. Kwa desturi, siku hiyo bwana harusi hana ruhusa hata ya kucheka meno yakaonekana. Huyu alikuwa ameshasimama, ameinama mbele, anakodolea shuka macho.

"Hii ni ile meli," akasema. "Ile ya angani! Lakini hapana, ngojeni. Mbele hii ni ya ile ya zamani. Na injini ni za ile ya pili. Ile ya zamani injini zilikuwa chini, hazikuwa juu!"

Wanawake walioshika shuka nao wakalichungulia. Nikalitazama shuka langu, na kwa mara ya kwanza nikaliona. Nilikuwa nimechora kutoka kanda mbili na meli mbili, nikaziunganisha kiunoni, na kwa wiki zote zile jicho langu halikuniambia kitu.

Kumbe naye alikuwa mtu wa bandani. Alikuwa anakwenda jioni, akitoka safari, benchi la mbele. Sisi tulikwenda mchana, benchi la nyuma. Walikuwa wamechumbiana muda wote ule wakizungumza mambo ya maana, mpunga na wazazi, na hakuna aliyemwambia mwenzake habari ya meli kwa kuogopa kuonekana mtoto.

Rafiki yangu naye akainua shela usoni. Bibi harusi kusema mbele ya wakwe ni kosa kubwa zaidi, lakini mdomo wake niliwaambia ulivyokuwa.

"Imefanyiwa matengenezo," akasema. "Kwani lori lako kichwa chake na injini yake vilizaliwa pamoja?"

Lori lile kila mtu Mpanda alilijua. Kichwa kilitoka kwenye gari moja, injini kwenye jingine, na mlango wa abiria ulikuwa wa rangi ambayo haikuwa ya yeyote kati ya hayo mawili. Utani ulioanza hapo siwezi kuumaliza. Baba mdogo alicheka mpaka akamshika bega mzee wa Katumba aliyekuwa hamjui, na mzee akamshika naye ili wasianguke. Bwana harusi alikuwa amekaa, ameziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Mama yake alisimama katikati ya wote, akageuka huku na huku.

"Angani?" akauliza. "Mwanangu, angani wapi?"

Baba mdogo akaonyesha kidole juu ya turubai, akaanza kucheka upya.

Baada ya harusi hiyo nilipata wateja nisiowatarajia. Mfanyabiashara wa asali wa Inyonga alitaka meli kwenye foronya, akasisitiza mizinga ionekane vizuri. Mke wa katekista alitaka nimwekee msalaba kwenye jembe. Nikawadarizia wote, na sasa nilikuwa makini, kila mbele na nyuma yake.

Maharusi walipanga nyumba palepale mjini. Mavuno ya mpunga yalipoisha, mama mkwe akaja kuwatembelea, na siku ya tatu nikamwona amesimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile shuka lako," akasema, "mkwe wangu analifua, analianika uani. Majirani wananiuliza mimi, kwa kuwa ndiye mama wa mwenye nyumba, hiki ni nini, na mimi sina la kuwajibu. Nimechoka. Nipeleke nikaione hiyo meli yenyewe."

Nikafunga mlango, tukampitia rafiki yangu, tukaenda wote watatu. Mwenye banda alipoona mama mtu mzima anaingia na kitenge chake cha kutokea, aliwainua vijana wa benchi la mbele, akapangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe. Mama mkwe akakaa wima, mkoba magotini. Rafiki yangu akakaa kulia kwake, mimi kushoto.

Meli ikapita mbele ya nyota. Wakaonyesha ndani: vyumba, korido ndefu, jiko, watu wanakula, mtu mgonjwa amelazwa, watoto darasani. Mwenye banda akatafsiri kwamba nahodha anasema twende. Mama alikuwa anafuata kwa macho kila mlango uliofunguka.

Mara akamwinamia mkwe wake, lakini kwa sauti ambayo banda zima liliisikia.

"Watu wote hawa," akasema, "choo chao kiko wapi?"

Rafiki yangu akageuka kunitazama. Nikatazama nyuma. Wanaume wote waliojua kila injini na kila taa ya meli ile walikuwa wanatazamana. Mwenye banda akasimamisha kanda, tukaanza kubishana, na mama mkwe akaamua kabisa kwamba lazima kiwe nyuma kule, kwenye mzinga mmojawapo, maana mtu mwenye akili hajengi choo karibu na jiko.